Maisha ya William Mtusane Koyi, Mwalimu wa Ugenini



Sisi tukaao ufuoni, toka Ikombe na Matema hata Mwaya na mto Songwe, tumezoea kulitazama ziwa Nyasa kama ukuta. Upande huu ni kwetu, na upande ule ni kwa watu wengine. Lakini hapo kale ziwa lilikuwa njia. Wamisionari wa Berlin waliokuja pamoja na Alexander Merensky mwaka 1891, na ndugu Wamoravian waliojenga Rungwe mwaka uo huo, wote walifika kwa maji wakitoka kusini. Nao walikuta ya kuwa wako wengine waliowatangulia kandokando ya ziwa hili hili kwa muda wa miaka kumi na sita. Tena vita kuu ya kwanza ilipofika kwetu, Wajerumani wakachukuliwa mwaka 1916, na shule na sharika za huku zikatunzwa kwa miaka kadha na misioni ya Waskoti ya Livingstonia. Hapo wakavuka walimu Waafrika kutoka ng'ambo ile, wakaja kufundisha katika nchi isiyo yao, na wazee wetu wakawapokea.

Zamani kidogo nilikaa na wainjilisti darasani, nikawauliza ni nani waliofungua kazi ya shule huko ng'ambo. Wengi wakamtaja Dr. Robert Laws, na jibu lao si kosa. Hapana aliyemtaja William Koyi. Nikaona haya kidogo, maana mimi mwenyewe nilipokuwa seminarini nililisoma jina lake mara moja tu, katika mstari mmoja, nikalipita. Basi nataka kulipa deni hilo.

Koyi alikuwa Mxhosa wa Afrika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1846 karibu na mto Thomas, upande wa mashariki wa nchi ya Rasi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mtusane. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, msiba mkubwa uliwapata watu wake. Msichana mmoja, jina lake Nongqawuse, alitoa unabii ya kwamba wafu watafufuka na ng'ombe wapya watatoka, na Wazungu watafukuzwa baharini, mradi watu wawachinje ng'ombe wao wote na kuimwaga nafaka. Wengi wakaamini. Katika miaka ya 1856 na 1857 ng'ombe wapatao 400,000 wakachinjwa, na watu wapatao 40,000 wakafa kwa njaa, kama wanavyokadiria watu wa historia. Waliosalia wakatawanyika kutafuta chakula kwa Wazungu. Mtusane naye akaondoka nyumbani, akaenda kufanya kazi kwa Makaburu, kisha akafika Port Elizabeth, mji wa bandari, akafanya kazi ya mikono kama vijana wengine.

Mwaka 1869 akamwamini Kristo. Miaka miwili baadaye karatasi ya gazeti ilimfikia mkononi, gazeti la chuo cha Lovedale lililoanza kutolewa mwaka 1870. Humo akasoma habari za chuo hicho, nayo ikawa kama mlango mbele yake. Akaacha kazi, akashika njia, akaenda. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, akaketi katika vibao pamoja na watoto. Wainjilisti walioanza kusoma wakiwa wamekwisha kuoa watafahamu jambo hilo vizuri kuliko mimi.

Lovedale ilikuwa misioni ya Waskoti, na chuo chake kilifunguliwa mwaka 1841. Wakati wa Koyi mkuu wake alikuwa Dr. James Stewart. Asubuhi masomo, alasiri kazi za mikono; na Kiingereza kilitiliwa mkazo sana, kwa kuwa Stewart aliona ndicho kitakachowafungulia Waafrika vitabu na kazi. Hivyo Koyi akapata lugha ya tatu baada ya Kixhosa na Kiholanzi cha Makaburu. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Sifa yake ilikuwa uaminifu, na watu walimpenda.

Dr. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Waskoti walikusudia kuanzisha misioni kwenye ziwa Nyasa kwa ukumbusho wake. Mwaka 1875 watu wa kwanza, Laws akiwa miongoni mwao, waliipitisha merikebu ndogo Ilala kwenye maporomoko ya mto Shire kwa vichwa vya wapagazi, vipande vipande, wakaiunga tena na kuiingiza ziwani. Kituo cha kwanza kikawa Cape Maclear, kusini. Mwaka uliofuata Stewart aliuliza Lovedale ni nani atakayekwenda kusaidia. Kumi na wanne wakajitoa. Wanne wakachaguliwa: Shadrach Mngunana, Isaac Wauchope, Mapas Ntintili na William Koyi. Koyi alijihesabu kuwa hana hata talanta moja kamili, labda nusu, lakini hiyo nusu aliitoa. Alikuwa tayari kuwa mpasua kuni na mteka maji.

Walifika Cape Maclear Oktoba 1876. Na hapa nataka kukaa kidogo, maana vijana wetu wengi siku hizi hutumwa kufundisha mbali, wengine mikoa ya mbali, wengine ng'ambo ya bahari kabisa. Wakiandika barua husema kazi ya darasani si nzito. Nzito ni saa zinazofuata: chakula gani kitapikwa, nani atakayesalimiana nawe jioni, usiku ukiugua utamwita nani.

Hao Waxhosa wanne walikuwa wageni mara mbili. Kwa wenyeji wa ziwa walikuwa wageni: rangi yao ni moja nao, lakini wamevaa suruali na viatu, wanasoma, na hawajui Kinyanja. Watu hawakujua wawaweke upande gani. Kwa Waskoti pia walikuwa wageni. Walikula kazi moja nao na homa moja nao, lakini mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mafundi wa Kiskoti. Mambo ya namna hii hayasemwi sana katika vitabu vya misioni. Ni vema yasemwe, kwa sababu Koyi alikaa na ndugu hao miaka kumi, na si kwa kuwa hakuona.

Kazi ziligawanywa. Mngunana alikuwa mwalimu aliyesomea ualimu, akapewa shule. Hapo watoto walifundishwa kusoma, kwa Kinyanja na kwa Kiingereza, na watoto walimpenda. Ntintili alikuwa fundi wa magari ya ng'ombe. Koyi aliwekwa juu ya kazi za nje: kujenga, kulima, kusimamia vibarua. Wauchope alishikwa na homa kali hata akili yake ikapotea kwa muda, ikabidi arudishwe kwao. (Huyo Wauchope akawa baadaye mchungaji na mwandishi mwenye sifa, akazama pamoja na merikebu Mendi tarehe 21 Februari 1917, akiwa na askari wa kazi wa Afrika ya Kusini waliokuwa wakienda Ufaransa.) Mei 1877 akafa Dr. Black, mganga wa misioni. Juni akafa Mngunana, mwalimu, kabla hajatimiza mwaka mmoja ziwani. Ndivyo makaburi yalivyoanza kuongezeka pale Cape Maclear. Kwa Koyi, huyo aliyezikwa alikuwa mtu wa lugha yake. Baada ya hapo jioni zake zilikuwa za kimya zaidi, maana alibaki na Ntintili tu, naye Ntintili akarudi kwao baadaye.

Walakini mambo yakageuka kwa njia ambayo hata Stewart hakuitazamia sana.

Magharibi ya ziwa, katika nyanda za juu, walikaa Wangoni. Wasomaji wetu wanawajua, kwa kuwa ndugu zao walikaa Songea, na babu zetu waliwaogopa. Asili yao ni kusini kabisa, karibu na Wazulu. Mfalme wao Zwangendaba aliwavusha mto Zambezi mwaka 1835, siku jua lilipopatwa, akawaongoza hata Ufipa, akafia huko. Baada ya kufa kwake wakagawanyika, na mwanawe M'mbelwa akakaa na sehemu kubwa katika nchi ya Watumbuka juu ya ziwa. Miaka arobaini walikuwa safarini na vitani, mbali na kwao. Basi Koyi alipofika pamoja na Waskoti kwa Wangoni wa kusini mwaka 1878, akafungua kinywa na kuwasalimu kwa Kixhosa, wakastaajabu. Kixhosa na Kingoni ni kama Kinyakyusa na Kindali: mtu husikia, hucheka kidogo, lakini husikia. Huyu mtu mweusi aliyefuatana na Wazungu alisema maneno ambayo wazee waliyasikia kwa mama zao.

Tangu siku ile Koyi hakuwa tena msimamizi wa vibarua. Mwishoni mwa mwaka 1878 misioni ilijenga kituo kidogo Kaning'ina, katikati ya Wangoni wa M'mbelwa na Watonga wa ufuoni, naye akakaa huko. Mwaka 1879 wakaonana na M'mbelwa mwenyewe. Mfalme alipenda wageni, ila alitaka wakae kwake peke yake, waache ufuo. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote. Watonga walikuwa wamekataa utawala wa Wangoni. Misioni nayo mwaka 1881 ikahamia Bandawe, katikati ya Watonga. Machoni pa Wangoni, wageni hao waliwakumbatia watumwa waliotoroka. Laws hakuweza kuwaacha Watonga. Wangoni hawakuweza kulisahau jambo hilo. Yupo mtu mmoja tu aliyeweza kukaa kati yao na kusikilizwa.

Koyi alikwenda likizo kwao, akarudi mwaka 1881. Njiani, Quelimane katika pwani ya Wareno, akamchukua mtoto mdogo, Charles Domingo, akaja naye hata ziwani. Nitamtaja tena.

Mwaka 1882 akapanda juu kwa Wangoni, kwenye Njuyu, pamoja na Mskoti mmoja, James Sutherland. Mwaka 1883 akaongezewa Mxhosa mwingine, George Williams. Wakakubaliwa kukaa. Wakakubaliwa kuongea na watu na kuomba. Lakini shule walikatazwa.

Fikirini jambo hilo, ninyi walimu. Mtu ametoka mbali kwa majuma na majuma ya bahari na mito, anacho kitabu, anayo lugha, watoto wanapita mlangoni kila siku wakichunga, naye amekatazwa kuwafundisha hata herufi moja. Wazee wa baraza walikuwa na sababu zao, na mimi sioni vema kuwacheka. Walisema watoto wakifundishwa Kitabu watawadharau baba zao. Walisema moyo wa vita utakwisha, na nani atakayelinda ng'ombe? Wengine walitaka wafundishwe wao wakubwa kwanza, ndipo watajua kama neno hilo linafaa watoto. Mtu aliyeona kijana akitoka shule na kumsahihisha baba yake mbele ya wageni atakiri ya kuwa wazee wale hawakuogopa bure.

Basi Koyi alifanya nini katika miaka ile minne? Alikaa. Neno hili ni dogo, lakini ndilo lililokuwa kazi yake. Walijenga nyumba ya miti na udongo. Fedha haikutumika nchini. Chakula kilinunuliwa kwa vitambaa na shanga, kwa hiyo kila unga wa jioni ulikuwa maneno marefu mlangoni, na kila aliyekuja kuuza alikuja pia kuomba. Wakubwa waliomba nguo kama haki yao, vijana wa vita walikuja na mikuki na ngao kuwatisha, pengine kwa mchezo, pengine si mchezo. Ukitoa leo, kesho watakuja kumi. Ukinyima, wewe ni adui. Mimi nilipowekwa mara ya kwanza katika usharika ambao lugha yake sikuijua, jambo lililonichosha kuliko yote lilikuwa hilo la mlangoni, wala kwangu hapakuwa na mikuki.

Lakini mengi ya Njuyu hayakuwa mageni kwake. Mskoti alipoona zizi la ng'ombe katikati ya kijiji, na wanaume wameketi humo wakiamua mashauri, aliona ajabu. Koyi aliona kwao. Alijua mahali pa kuketi. Alijua ya kwamba mtu haharakishi neno lake mbele ya wakubwa, na ya kwamba maziwa ya mgando yakiletwa hayakataliwi. Alijua pia namna ya kusifu ng'ombe wa mtu. Mambo hayo hayafundishwi seminarini, wala hayapatikani kwa kusoma sarufi. Wangoni walimwita kwa jina lake la nyumbani, Mtusane, wala si kwa jina alilobatizwa.

Hata hivyo lugha ilimpiga chenga, na jambo hili linanifurahisha. Alidhani amekuja kwa watu wa lugha yake. Kumbe Wangoni wa kweli walikuwa wachache. Wengi wa nchi ile walikuwa Watumbuka na watu wengine waliotekwa, na watoto hata wa Wangoni walinyonya lugha kwa mama Watumbuka. Barazani kilisemwa Kingoni, jikoni Kitumbuka. Aliyetaka kuwafundisha watoto ilimpasa ajifunze tena kama mtoto. Kiingereza chake alikitumia kwa Waskoti na kwa barua zake, maana aliandika barua kwa Kiingereza kwa Laws na kwa wengine. Kixhosa alikitumia mbele ya wakubwa. Kitumbuka alikiokota njiani. Neno la Mungu katika nchi ile lilisomwa kwanza kwa Kizulu, na ibada ziliendelea kwa lugha hiyo kwa muda mrefu, hata Kitumbuka kilipopata vitabu vyake.

Mara nyingi habari zilifika Njuyu ya kwamba vijana wanataka kushuka kuwapiga Watonga wa Bandawe. Hapo Koyi alikwenda kwa wakubwa, akaketi, akaongea. Hakuwa na bunduki ya kuwatisha, wala nguo za kutosha kuwanunua. Pengine alishinda, pengine walishuka wakapiga vijiji vingine. Lakini Bandawe haikuangamizwa, na waliokuwako walijua ya kuwa kukaa kwa mtu mmoja juu kulikuwa ngao ya watu wengi chini. Hata mwaka 1887, baada ya kufa kwake, baraza kubwa likakubali kuwaacha watu wa misioni wa ufuoni.

Februari 1885 akaja mganga, Dr. Walter Angus Elmslie, kijana wa Kiskoti. Alikuta wenyeji wa nyumba wamechoka. Mwaka huo huo Sutherland akafa. Elmslie alikuwa na elimu nyingi na moyo wa haraka. Koyi alimfundisha kungoja. Naona hapa mwalimu na mwanafunzi wamegeuzwa, maana yule msomi wa Aberdeen alijifunza Kingoni kwa msaada wa yule aliyeanza shule akiwa na ndevu, na baadaye akatoa kitabu cha sarufi ya Kingoni.

Katika majira yaliyofuata mvua ilikawia, mashamba yakakauka. Waganga wa mvua walijaribu bila kufaulu. Wakubwa wakaja kwa wageni kuwaomba wamwombe Mungu wao. Wakaomba, na mvua ikanyesha. Najua wako wasomaji watakaotaka nizidi kusema juu ya jambo hili, na wengine watakaotaka nilinyamaze. Nalisema kama lilivyoandikwa na waliokuwako. Tokeo lake lilikuwa ya kwamba wazee walianza kuwaangalia wageni kwa jicho lingine.

Wakati huo huo shule ilikuwa imekwisha kuanza, ila kwa siri. Palikuwa na mganga wa jadi, Kalengo Tembo, mtu wa asili ya Kitumbuka. Wanawe watatu, Mawelera, Makara na Chitezi, walikuja usiku katika nyumba ya misioni, mlango ukafungwa, wakafundishwa kusoma. Mchana hawakuonyesha neno. Kama wangalijulikana, yamkini wangalikufa, na misioni ingalifukuzwa. Nadhani hii ndiyo shule ndogo kuliko zote ambazo habari zake nimesoma: vijana watatu na taa. Naye Koyi, aliyekuja ziwani mwaka 1876, akaona kwa macho yake Wangoni wa kwanza wakilitambua neno lililoandikwa.

Lakini mwili wake ulikuwa umeshindwa. Mwanzoni mwa mwaka 1886 alikuwa mgonjwa, na Elmslie, ijapokuwa ni mganga, hakuweza kumsaidia. Aliendelea kudhoofika hata akalala kabisa.

Juni ulipoingia, wakubwa wa Wangoni waliitana barazani kuamua neno la misioni. Elmslie ilimpasa kwenda, akamwacha mgonjwa kitandani. Maneno yalikuwa marefu kama desturi. Mwisho wake ruhusa ikatolewa: wageni wapewe uhuru wa kufanya kazi yao, na watoto wafundishwe. Elmslie akarudi Njuyu na habari hiyo. Koyi alikuwa bado hai, naye akasikia. Hakuwa na nguvu za kusema mengi. Kwa sauti ndogo akatamka maneno ya mzee Simeoni hekaluni, yale ya mtumishi anayeomba aruhusiwe kwenda kwa amani. Akafa tarehe 4 Juni 1886, mwenye umri wa miaka arobaini, wakamzika pale Njuyu.

Basi shule aliyoingojea hakuifundisha siku hata moja mchana wazi.

Nitasema kwa ufupi yaliyofuata. Shule ikafunguliwa, na wale vijana wa usiku wakatoka nje mchana. Mwaka 1890 Mawelera na Makara Tembo wakabatizwa, wa kwanza katika nchi ya M'mbelwa. Mawelera akawa mwalimu na mtungaji wa nyimbo, na nyimbo zake zikaimbwa kote ng'ambo ile. Mfalme M'mbelwa akafa mwaka 1891, bila kubatizwa, lakini bila kuyavunja maneno yake. Kabla ya karne kwisha, watu wa nchi ile walibatizwa kwa mamia kwa siku moja. Mwaka 1914 wachungaji Waafrika watatu wa kwanza wa misioni ile wakabarikiwa, Hezekiah Tweya, Jonathan Chirwa na Yesaya Zerenji Mwasi. Tweya na Chirwa walitoka upande wa Wangoni. Miaka michache baadaye vita ikawaondoa Wajerumani huku kwetu, na walimu wakavuka Songwe.

George Williams alikaa mpaka mwaka 1888, kisha akarudi kusini. Yeye ndiye Mxhosa wa mwisho wa kundi lile. Elmslie alikaa miaka mingi, na mwaka 1899 akatoa kitabu juu ya Wangoni, na humo alimwandikia Koyi kwa heshima.

Na yule mtoto wa Quelimane? Charles Domingo alikua katika misioni, akasoma, na katika miaka ya 1890 Laws akampeleka Lovedale, katika chuo kile kile ambacho Koyi alikifikia kwa miguu kwa ajili ya karatasi ya gazeti. Alipomaliza alirudi ziwani, akawekwa kuwa mwalimu katika chuo kipya cha Overtoun, juu ya ziwa upande wa kaskazini. Naye pia alifundisha mbali na kwao.